Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ulinzi: Masikio ya Askari Wetu wa Ziwani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Kisumu kuhusu masikio ya wanaume, pamoja na wanawake wachache, waliovaa sare ya Jamhuri hii, wakaivua, wakarudi nyumbani Nyakach, Seme, Asembo, Gem, Mbita na visiwani mwa Ziwa Victoria, na ambao leo huwezi kuzungumza nao bila kupaza sauti. Mimi ni mwalimu mstaafu. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimewafundisha watoto viziwi, na katika kazi hiyo mtu huzoea kutazama vichwa vya watu: nani anageuza shingo akiitwa, nani anakodolea macho midomo ya msemaji, nani anacheka baada ya wengine kumaliza kucheka. Kwenye mabaraza ya chifu, matangani na kwenye foleni za benki siku za pensheni, nimewaona askari wastaafu wakifanya yale yale waliyokuwa wakiyafanya watoto wangu darasani. Tofauti ni kwamba watoto wale walikuwa na mwalimu, na serikali ilijua kwamba hawasikii.

Kuna jambo unaloweza kulithibitisha mwenyewe, bila mashine. Siku ukikutana na askari mstaafu aliyebeba bunduki kwa miaka mingi, kaa upande wake wa kushoto, umsemeshe kwa sauti ya kawaida. Mara nyingi atageuza shingo mpaka sikio la kulia likuelekee, au atahamisha kiti kabisa. Sababu yake haina fumbo. Anayefyatua kwa mkono wa kulia hukaza kitako cha bunduki kwenye bega la kulia na kulaza shavu juu yake. Sikio la kulia linajificha nyuma ya kichwa, la kushoto linabaki wazi likiutazama mdomo wa bunduki. Ndiyo maana la kushoto hutangulia kuharibika. Madaktari wa masikio wanalijua hili duniani kote.

Nimeanza na hilo kwa makusudi. Wastaafu wetu wakienda zahanati na kusema hawasikii, huambiwa ni uzee, au ni kwinini walizomeza kwa ajili ya malaria ya ziwani. Kwinini kweli huleta mlio masikioni, na zipo dawa za sindano, kama zile walizokuwa wakidungwa wagonjwa wa kifua kikuu sugu, ambazo zimewaharibu wengi masikio. Uzee nao upo, siukatai. Lakini uzee kwa kawaida huyashusha masikio yote mawili pamoja, na dawa vivyo hivyo. Bunduki ndiyo inayochagua upande. Mzee ambaye sikio lake la kushoto limelizidi la kulia kwa ubovu amebeba kichwani ushahidi wa utumishi wake, na hakuna afisa aliyewahi kuusoma.

Sasa niseme kinachofanyika. Bunduki ya G3, ambayo vijana wetu wengi waliijua kabla hawajaujua mshahara wao wa kwanza, hutoa mlio unaopita desibeli 150 karibu na sikio la mfyatuaji. Kanuni zetu wenyewe za kudhibiti kelele mahali pa kazi, za mwaka 2005, zinasema mfanyakazi asikae kwenye kelele inayozidi desibeli 90 kwa zaidi ya saa 8 kwa siku, na kwamba mlio wa ghafla usivuke desibeli 140 wakati wowote ule. Kijana anayesimama karibu na mashine za kusaga miwa katika kiwanda chochote cha sukari cha ukanda huu analindwa na kanuni hizo. Risasi moja ya G3 inavuka mpaka huo. Moja tu. Mhesabie basi askari siku zake za shabaha kule Archers Post, mizinga iliyopigwa akiwa hatua chache kutoka pale, helikopta, malori ya deraya, na mapigano yenyewe.

Ndani ya sikio mna vinyweleo vya kunasa sauti, kama 15,000 kwa kila sikio. Hivi ni sawa na nyasi zinazokanyagwa na ng'ombe: mara za kwanza zinalala kisha zinainuka, na ndiyo maana baada ya siku ya shabaha masikio huziba halafu yakazibuka kesho yake. Zikikanyagwa kila mara, haziinuki tena. Za sikioni hazioti upya, hakuna dawa ya kuziotesha. Tena hufa kwa utaratibu: huanza zile za sauti nyembamba, zinazobeba s, f, sh, t na k, wakati sauti nzito zinabaki. Ndiyo sababu mstaafu atakuambia, "Nakusikia, ila sikuelewi," na atakuwa anasema kweli. Anasikia kwamba mtu anazungumza. Irabu zinamfikia, konsonanti zinabaki njiani. Bei ya sita kwake ni sawa na ya tisa, na sokoni Kibuye hiyo ni hasara.

Utaniuliza juu ya vizibo vya masikio. Vinafaa kwenye uwanja wa shabaha. Lakini askari aliye doria vichakani hawezi kuziba masikio, kwa sababu masikio ndiyo yanayomwambia nani anamjia, na amri ya kamanda wake inapitia humo humo. Wamarekani walidhani wamepata dawa ya tatizo hilo: kizibo kinachozuia mlipuko na kupitisha sauti ya mtu. Mwaka 2023 kampuni ya 3M ilikubali kulipa dola bilioni 6 kumaliza kesi za askari waliodai kwamba vizibo hivyo havikuwalinda. Kule, mlio wa masikioni usiokoma ndio unaoongoza orodha ya madhara ambayo wastaafu wa jeshi hulipwa fidia, na upungufu wa kusikia uko karibu nyuma yake. Nataja hilo kwa sababu moja. Jeshi tajiri kuliko yote duniani, lenye vifaa vyote, limetoka vitani na masikio mabovu. Sioni jinsi letu lingetoka salama.

Sheria yetu ya mafao ya majeraha kazini, ya mwaka 2007, inawahusu wafanyakazi wote, hata wa serikali, isipokuwa wa majeshi. Naelewa kwamba jeshi lina taratibu zake. Lakini taratibu za fidia, popote zilipo, hutafuta jeraha lenye tarehe: siku fulani, mahali fulani, mguu fulani. Sikio halina tarehe. Linaibwa kidogo kidogo kwa miaka 20, na mwenyewe hagundui mpaka mkewe aanze kulalamika kwamba redio inapiga kelele.

Ukanda huu una askari wa zamani, Mheshimiwa. Mizinga ilisikika juu ya maji ya ziwa hili Septemba 1914, meli za Waingereza na Wajerumani zilipokabiliana karibu na Karungu. Vijana wa hapa walichukuliwa kuwa wapagazi katika vita vile, wengi hawakurudi. Vita vya pili vikawapeleka Burma wakiwa na King's African Rifles, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Kizazi hicho kimekwisha kuzikwa na masikio yake. Ninaowasemea ni waliofuata: wa miaka ya vita vya shifta, wa misheni za Umoja wa Mataifa kutoka Namibia hadi Sierra Leone, na hawa wa karibuni waliovuka mpaka wa Somalia Oktoba 2011 kwa Operesheni Linda Nchi, wakaingia Kismayo mwaka uliofuata. Waliotoka hai katika shambulio la kambi ya El Adde, Januari 2016, walikuwa karibu na gari la mabomu lilipolipuka. Mlipuko wa namna ile hupasua ngoma ya sikio. Baadhi ya vijana wa vita hivyo sasa wamestaafu, na hawajafika hata miaka 45.

Wapo pia ambao ni vigumu kuwataja katika barua ya serikali, nami nitawataja. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982 jeshi la anga lilivunjwa, na vijana wengi, wakiwamo wa huku kwetu, walirudi makwao bila kazi wala pensheni. Walioasi na waliokuwa zamu tu siku hiyo, wote walipitia mlango mmoja. Siombi historia iandikwe upya kwa barua hii. Nasema tu kwamba fundi wa ndege aliyekaa miaka karibu na injini za F-5 aliharibikiwa masikio kwa kazi aliyotumwa na nchi, na sikio halijui mwenyewe aliondoka kambini kwa cheti gani.

Mtu asiyesikia huishije huku kwetu? Wengi wa wastaafu wa vyeo vya chini huajiriwa ulinzi wa usiku, maana kampuni hupenda mtu aliyezoea nidhamu. Basi tuna walinzi wanaokesha getini bila kusikia ua ukikatwa nyuma yao. Wengine hununua mtumbwi na kuingia ziwani. Shemeji yangu, sajenti mstaafu, alifanya hivyo. Usiku wa kuvua omena hukaa na taa yake, na hatari kubwa kwake si dhoruba, kwa sababu dhoruba anaiona. Ni kiboko. Kiboko huku kwetu ameua wavuvi wengi, na kabla hajakufikia hupumua kwa kishindo juu ya maji. Wenzake wanasikia pumzi ile na kupiga kasia. Yeye husubiri kuona nyuso zao. Sasa hawampi tena nafasi ya kukaa mbele.

Nyumbani mambo ni madogo na ndiyo yanayouma. Wajukuu wanaacha kumsimulia babu yao, kwa sababu kusimulia mara tatu kunachosha. Jirani anamsalimu kutoka nyuma, hajibiwi, anaenda kusema kwamba huyu mzee ana majivuno ya jeshi. Simu akipigiwa anampa mkewe, na mkewe ndiye anayejua habari zote za pensheni yake. Kanisani anasimama wengine wakisimama. Taratibu anaacha kwenda. Daktari atakwambia kwamba upungufu wa kusikia usiotibiwa ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na kupoteza kumbukumbu uzeeni. Sishangai. Mtu aliyeacha kuzungumzishwa hana cha kukumbuka kutoka jana.

Hapo ndipo tunapofika kwenye vifaa vya kusikia, na hapo ndipo naomba unisome polepole.

Shemeji yangu amewahi kupewa kifaa. Kilikuwa kwenye mgao wa siku moja, kwenye hema, wenye hisani wakiwa na fulana zinazofanana. Sitawataja, kwa sababu nia yao ilikuwa njema. Wastaafu walipangwa mstari, wakaangaliwa masikio kwa haraka, kila mmoja akatiwa kifaa sikioni, akapigiwa makofi karibu na kichwa, akatabasamu, akapigwa picha. Akapewa kifaa na pakiti ya betri akaenda nyumbani. Tatizo lilianza jioni hiyo hiyo.

Betri za vifaa hivi ni vidonge vidogo vya kung'aa, na kila kimoja kina kibandiko cha rangi mgongoni. Zinafanya kazi kwa hewa. Kibandiko kikitoka, hewa huingia, na betri huanza kuishiwa hapo hapo, iwe imo kwenye kifaa au imo mfukoni. Mtu anapaswa kubandua moja tu, aiache ipumue kama dakika moja, aiweke, na nyingine aziache zimefungwa. Hakuna aliyemwambia. Shemeji yangu ni askari. Askari huandaa risasi zake zote kabla ya usiku kuingia. Alizibandua zote sita, akazipanga kwenye kitambaa safi, tayari. Baada ya wiki chache zote zilikuwa zimekufa, nne kati yake hazijawahi kuingia sikioni. Betri mpya hakupata Bondo. Alipoziulizia Kisumu alionyeshwa za saa.

Hata kabla betri hazijafa, alikuwa amekwisha kugombana na kifaa. Kile kibonge cha plastiki kinachoingia sikioni kinatakiwa kichongwe kwa kufuata sikio la mwenyewe: mtaalamu hujaza sikio kwa silikoni laini, ikakauka, ikawa kalibu ya kutengenezea kibonge cha kudumu. Yeye alipewa kibonge cha kila mtu. Kilikuwa kinalegea, na kinapolegea sauti inavuja, inarudi kwenye maikrofoni, kifaa kinapiga mluzi. Kilipiga mluzi katikati ya sala. Isitoshe, kifaa hakikurekebishwa kwa kipimo chake, kilipandisha kila kitu sawasawa: mlango, sufuria, pikipiki, jogoo. Mvua ya kwanza iliponyesha juu ya mabati alikitoa na hakukirudisha. Kwa aliyeishi miaka mingi katika ukimya, ubongo unahitaji majuma kadhaa kuzoea sauti upya, akianza saa moja ndani ya nyumba tulivu, kisha mbili, huku mtu akimtia moyo. Watoto wangu shuleni niliwapitisha humo. Mzee wa miaka 60 aliachiwa ajipitishe mwenyewe.

Halafu kuna unyevu. Huku tunaishi na mvuke wa ziwa na jasho. Maji huingia kwenye kile kibomba chembamba kinachounganisha kifaa na kibonge, yakaziba sauti. Kibomba chenyewe hugeuka njano na kukakamaa baada ya miezi, kinapaswa kubadilishwa, na ni kitu cha bei ndogo sana. Nta ya sikio nayo huziba tundu. Mtu akifundishwa kufungua, kufuta, kupuliza na kukilaza kifaa usiku kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu, kitadumu miaka. Asipofundishwa kitakufa kabla ya mwaka. Cha shemeji yangu kimo kwenye mkebe wa Kimbo juu ya kabati, pamoja na nishani yake na vitufe vya sare.

Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2021 kwamba kati ya watu 100 duniani ambao kifaa cha kusikia kingewafaa, ni 17 tu wanaokitumia. Ningependa kujua ni mikebe mingapi ingeongezwa kwenye hesabu hiyo kama tungewahesabu pia waliopewa wakaviweka kabatini.

Kwa hiyo ombi langu kwako si vifaa. Vifaa ni sehemu rahisi. Wizara yako inaweza kununua shehena kesho, ikaileta hapa Siku ya Majeshi ya Ulinzi (KDF) mwezi wa Oktoba, bendi ikapiga, magazeti yakaandika. Kisumu imezoea kuzinduliwa mambo. Hata mpango wa Afya kwa Wote ulizinduliwa hapa Desemba 2018. Tunachokosa ni kile kinachobaki baada ya mahema kung'olewa: chumba kimoja kisichopenywa na kelele, mashine ya kupimia, mtu aliyesomea, na akiba ya betri na vibomba. Mahali ambapo mzee anaweza kurudi Jumanne ijayo na kusema, "Hiki kinapiga mluzi."

Sasa hivi anayetaka hayo mara nyingi huelekezwa Nairobi. Mfikirie mtu wa kisiwa cha Mfangano. Anapanda boti hadi Mbita, anavuka kwa feri hadi Luanda Kotieno, matatu hadi Kisumu, basi la usiku, kilomita kama 350 nyingine. Anafika mjini asikosikia makanga, anauliza njia na haelewi jibu. Akipimwa, anaambiwa arudi baada ya wiki mbili kuchukua kibonge. Akitaka kununua mwenyewe, kifaa kimoja huanzia makumi ya maelfu ya shilingi na huweza kupita laki moja, na masikio ni mawili. Pensheni ya koplo haina nafasi hiyo.

Tuna hospitali hapa. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji bado tunaiita Russia kwa sababu ni Wasovieti walioijenga, inapokea wagonjwa wa ukanda mzima wa ziwa. Wapo maafisa wa kliniki waliosomea masikio, pua na koo. Hakuna haja ya kujenga hospitali ya kijeshi. Inatosha wizara yako iandikiane mkataba na hospitali hiyo, ilipie chumba na mtaalamu, na itenge siku za kwenda Bondo, Homa Bay na Mbita kila mwezi, ili mzee asafiri mwendo wa asubuhi moja. Watoto viziwi wa Maseno wangefaidika na chumba hicho hicho siku ambazo wastaafu hawapo. Waziri mwenzako wa Afya, Mheshimiwa Aden Duale, alikikalia kiti chako kuanzia 2022 hadi 2024. Nadhani ni mara chache sana waziri wa Kenya anapata mwenzake ambaye hahitaji kuelezwa chochote kuhusu jambo linalohusu wizara zote mbili.

La pili ni karatasi. Kila kijana anapoingia jeshini apimwe masikio, apimwe kila baada ya miaka michache, na apimwe siku anayotoka, kisha akabidhiwe nakala ya kipimo pamoja na cheti chake. Haigharimu kitu ikilinganishwa na bei ya risasi alizofyatua. Karatasi hiyo ndiyo itakayolipa sikio tarehe linayoikosa.

Waliokwisha kutoka bila karatasi wasidaiwe karatasi. Hapa nakuomba uwe mkali kwa maafisa wako, kwa sababu najua mzaha utakaofuata: mzee ataambiwa athibitishe kwamba hakuharibiwa masikio na disko matanga. Aliyetumikia jeshi na hasikii achukuliwe kuwa aliharibikiwa kazini, mpaka daktari aonyeshe vinginevyo. Bunge lilipitisha Sheria ya Wanajeshi Wastaafu mwaka 2022 kwa ajili ya ustawi wao. Kama haifiki sikioni, sijui inafikia wapi. Na Katiba, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kuvuka vizuizi vya ulemavu wake. Ila ujue kwamba askari wengi hawatajiandikisha kamwe kwenye Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nimejaribu kumshawishi shemeji. Alinijibu kwamba alikwenda Sierra Leone na miguu miwili, akarudi na miguu miwili. Njia yao ipitie jeshini, kwenye ofisi wanayoijua, wakiitwa kwa vyeo vyao.

Jambo dogo kabla sijamaliza. Mwaka 2019, MV Uhuru, meli ya miaka ya 1960 iliyokuwa imelala hapa bandarini kwa miaka mingi ikila kutu, ilirudi majini kwa msaada wa wanamaji wako. Baadaye, kwenye karakana ya meli hapa Kisumu, watu wa jeshi walisaidia kuunda MV Uhuru II. Nilikwenda kutazama kama wengine, nikaona fahari. Nilisikia pia chuma kikigongwa kwa chuma ndani ya tumbo la meli, saa baada ya saa, mlio ukirudi kutoka kila ukuta. Tafadhali waulize wasimamizi wa pale vijana wale huvaa nini masikioni, na kama kuna aliyewahi kuwapima. Jeshi lililoweza kufufua meli ya umri ule linaweza kumtafutia sajenti betri.

Nakala ya barua hii nimempelekea Gavana wa Kaunti ya Kisumu, na nyingine chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA.

Majibu yako nitashukuru yakija kwa maandishi, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, yabandikwe katika ofisi za machifu kuanzia Nyakach hadi Usenge na visiwani. Usiwaagize maafisa wako wawapigie simu wahusika. Hawatazisikia, na mwisho ripoti itaandika kwamba walitafutwa hawakupatikana.

Wako katika utumishi,

Mwalimu mstaafu,
Kisumu